Ibn Sina: Bingwa wa Matumbo Aliyeuawa na Tumbo

Wahenga wetu wamesema mganga hajigangi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuizingatia hata siku ile nilipojifanya mganga wa tumbo langu mwenyewe, nikakaribia kuiaga dunia.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Sisi vijana wa mtaa tulikuwa tumekata tikiti za basi la alfajiri kutoka Mombasa kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi, na mimi nilikuwa nimeshonesha kanzu mpya kwa ajili ya safari hiyo. Baada ya sala ya isha nikashikwa na msokoto wa tumbo, hapa penye kitovu. Nikadhani ni gesi. Nikanywa haluli. Tumbo halikutulia, nikanywa tena, na kabla ya adhana ya alfajiri nikanywa mara ya tatu, maana nililolihofia halikuwa ugonjwa, bali kuachwa na basi. Na basi likaniacha kweli. Nilifikishwa hospitali nimejikunja kama jongoo, na daktari aliyenipasua alinieleza baadaye kwamba kidole tumbo changu kilikuwa kimevimba, na ile haluli niliyokuwa nikijimiminia ilikuwa karibu kukipasua.

Katika kitanda cha jirani alilazwa mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Qur'ani, ambaye naye alikuwa amepasuliwa. Aliposikia kisa changu alicheka hadi akaushika mshono wake kwa maumivu. Kisha akaniita mwanawe, akanambia nisione haya, kwani njia hiyo ilipitwa kabla yangu na mkubwa wa matabibu, Sheikh Ibn Sina mwenyewe, naye hakujaaliwa bahati kama yangu. Usiku ule akanisimulia, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuatia habari za mtu huyu kila nizipatapo. Leo nataka nikugawie, msomaji wangu, kwani wengi wetu tunalijua jina lake na sifa zake, lakini ni wachache wajuao jinsi alivyokufa.

KIJANA WA BUKHARA

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina. Wazungu walilipotoa jina hilo wakamwita Avicenna. Alizaliwa mwaka 980, sawa na mwaka 370 Hijria, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, mji ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh, akawa mtumishi wa serikali ya wafalme wa Kisamani waliotawala pande zile. Mama yake, Sitara, alikuwa mwenyeji wa Afshana.

Alipotimiza miaka kumi mtoto huyu alikuwa tayari amehifadhi Qur'ani na kusoma mengi katika fasihi ya Kiarabu, mpaka watu wakawa wanamstaajabia. Hesabu za Kihindi alipelekwa kujifunza kwa muuza mboga. Fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid. Falsafa alianzishiwa na mwalimu aliyeitwa an-Natili, na haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa ndiye anayemfumbulia mwalimu. Kisha akaingia katika utabibu, elimu ambayo yeye mwenyewe aliandika kwamba haikuwa miongoni mwa elimu ngumu. Alipokuwa na miaka kumi na sita, matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake, naye akitibu wagonjwa na kujifunza kwao mambo ambayo hayamo vitabuni.

Usidhani kwamba kila kitu kilimjia kwa wepesi. Kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu vyote alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado asikifahamu. Siku moja sokoni akabembelezwa kununua kitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3 tu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na shida ya pesa. Alipokisoma, fundo likafunguka. Kesho yake akatoa sadaka kubwa kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu. Kadhalika ilikuwa desturi yake, kila alipotatizwa na jambo, kwenda msikitini kusali na kumwomba Muumba amfungulie.

Alikuwa bado kijana wa miaka kumi na saba hivi pale mfalme Nuh bin Mansur alipougua, na matabibu wa jumba wakashindwa. Wakalitaja jina la kijana huyu, akaitwa, akashirikiana nao, na mfalme akapata nafuu. Kijana hakuomba dhahabu wala shamba. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme, vyumba baada ya vyumba, kila chumba na masanduku ya vitabu vya fani yake. Akavisoma. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa amemaliza elimu zote za zama zake, na aliyoyaongeza baadaye, kama alivyosema mwenyewe, ni kukomaa tu.

UGONJWA ULIOITWA KULANJI

Baba yake alipofariki na dola ya Wasamani ilipoanza kuporomoka, Ibn Sina aliondoka Bukhara. Akaenda Gurganj, kisha akawa mtu wa njiani, mji huu leo na ule kesho, akitafuta mtawala mwenye kuthamini elimu. Aliyemkusudia hasa ni Amiri Qabus wa Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi. Lakini kabla hajafika, Qabus alikamatwa na watu wake mwenyewe akafungwa ngomeni, na huko akafa. Hata hivyo safari ya Jurjan haikuwa bure, kwani huko ndiko alikokutana na Abu Ubayd al-Juzjani. Mtu huyu akawa mwanafunzi wake na sahibu yake hata kufa kwake, muda wa miaka ishirini na mitano hivi. Ni Juzjani huyu aliyetuandikia mwisho wa maisha ya sheikh wake, tena bila ya kuficha yasiyopendeza. Tunayoyajua juu ya tumbo la Ibn Sina tunayajua kwa ajili yake.

Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha utabibu, al-Qanun. Kitabu hiki kina juzuu tano, na ya tatu inaeleza magonjwa ya kila kiungo kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika karne ya 12 kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo na Gerard wa Cremona, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka. Mwaka 1593 kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma. Hata sisi watu wa pwani tumeguswa na elimu hiyo tusijijue. Wazee wetu wakisema chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha moto, au wakitaja mizaji ya mtu, wanasema maneno ya utabibu wa Wayunani na Waarabu ambao Ibn Sina aliupanga na kuukusanya.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Waarabu waliuita qulanj, neno walilolipata kwa Wayunani, nao walilitoa katika jina la utumbo mpana. Sisi na tuuite kulanji. Ni msokoto mkali wa tumbo ambao choo hufunga, upepo ukakosa njia, mgonjwa akatapika na kujigaragaza. Kabla ya Ibn Sina, tabibu mkubwa ar-Razi alikuwa amekwisha kuuandikia kitabu. Ibn Sina akaongeza uchambuzi wake. Akaeleza kwamba kulanji si moja, kwani iko inayoletwa na upepo, iko ya choo kilichokauka, iko ya uvimbe, na iko ya utumbo uliojipinda. Akawahimiza matabibu waitofautishe na maumivu ya kijiwe cha figo, kwa kuwa magonjwa haya mawili hufanana kama ndugu na dawa zake ni mbalimbali. Daktari wa leo hatakataa neno hilo. Tunajua sasa kwamba chini ya jina hilo moja la kulanji yalijificha magonjwa mengi, kama vile kuziba kwa utumbo, kujisokota kwa utumbo, kidole tumbo, vijiwe vya nyongo na hata saratani.

TUMBO LA AMIRI

Baada ya kupita mji wa Rayy, Ibn Sina alifika Hamadan, katika nchi ya Iran ya leo, yapata mwaka 1015. Mtawala wa mji huo, Shams al-Dawla, alikuwa na kulanji. Tabibu akaitwa, akakaa naye siku 40 usiku na mchana, akamtibu mpaka akapona. Amiri alifurahi mno, akampa zawadi na kumfanya mwandani wake, na hatimaye akampa uwaziri wa nchi nzima. Fikiri, msomaji! Mtu ametoka kwenye haja za choo za mgonjwa akakalia kiti cha waziri.

Lakini cheo kilicholetwa na tumbo hakikukaa kwa amani. Askari wakamwogopa waziri huyu juu ya mambo yao, wakaizingira nyumba yake, wakampora mali yote, wakamtia kifungoni, kisha wakamtaka Amiri amuue. Amiri akakataa kumuua, ila akakubali kumfukuza ili kuwatuliza. Ibn Sina akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Mara kulanji ikamrudia Amiri! Wakaanza kumtafuta tabibu mji mzima. Alipopatikana, Amiri alimwomba radhi sana, naye akamtibu tena, akapona tena, na uwaziri akarudishiwa mara ya pili.

Katika miaka ile mchana ulikuwa wa serikali na usiku ulikuwa wa elimu. Wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake, huyu akisoma katika al-Qanun na yule katika ash-Shifa, kitabu chake kikubwa cha falsafa. Juzjani hakuficha kwamba darasa zilipokwisha waliingia waimbaji na vinywaji. Ndiyo maana wako waliomlaumu Ibn Sina kwa mwenendo wake, na wako, kama Imamu al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waliompinga vikali kwa falsafa yake. Mimi si kadhi wa kumhukumu. Nalitaja hili kwa sababu linahusika na mwisho wake, kama utakavyoona.

Shams al-Dawla alitoka na jeshi lake kwenda kupigana upande wa Tarum. Njiani kulanji ikamshika kwa nguvu kuliko zamani, yakaongezeka na magonjwa mengine, na sababu aliyoitaja Juzjani ni kwamba Amiri hakuchunga chakula na mwenendo wake, wala hakuyafuata aliyoagizwa na tabibu. Askari wakaogopa asije akawafia huko, wakambeba katika machela kumrudisha Hamadan. Akafia njiani, mwaka 1021. Basi tabibu aliweza kumponya Amiri mara mbili, lakini subira hakuweza kumnywesha.

KITABU CHA NGOMENI

Mtoto wa Amiri alitawazwa, wakamtaka Ibn Sina aendelee na uwaziri. Akakataa. Alijificha katika nyumba ya muuza dawa mmoja, na humo akaandika kurasa 50 kila siku za kitabu cha ash-Shifa. Kwa siri akapeleka barua kwa Ala al-Dawla, mtawala wa Isfahan, kuomba aingie katika utumishi wake. Habari ikavuja, akakamatwa na kufungwa katika ngome ya Fardajan muda wa miezi minne.

Hapo ngomeni hakukaa bure. Aliandika vitabu vitatu, na kimojawapo ni kitabu kizima juu ya kulanji. Ugonjwa uliompa cheo na kumwokoa asifukuzwe moja kwa moja, aliuandikia kitabu akiwa nyuma ya kuta za gereza. Akaeleza dalili zake, sababu zake, chakula cha mgonjwa, na dawa zake, pamoja na ile dawa iliyokuwa mashuhuri kwa ugonjwa huo zama zile, yaani dawa ya maji inayopitishwa kwa njia ya nyuma ili kufungua utumbo. Hospitalini kwetu tunasema mtu amepigwa bomba. Sidhani palikuwa na mtu duniani mwaka ule aliyeijua kulanji zaidi ya mfungwa huyo.

Alipofunguliwa alirudi Hamadan kwa muda, kisha akatoroka kwenda Isfahan. Alikwenda yeye, Juzjani, ndugu yake na watumwa wawili, wote wamevaa mavazi ya masufi ili wasitambulikane. Ala al-Dawla akampokea kwa heshima kubwa, na miaka iliyobaki ya umri wake aliimalizia katika utumishi wa mtawala huyo, akimfuata mjini na vitani.

TUMBO LAKE MWENYEWE

Ikafika siku Ala al-Dawla akawa anapigana na majeshi ya Ghazni kwenye malango ya mji wa Karaj. Katika msukosuko ule kulanji ikamshika Ibn Sina mwenyewe.

Hapa, msomaji, ndipo ninapoona haya kwa kumkumbuka yule kijana wa basi la Lamu. Ibn Sina alihofu kwamba bwana wake akishindwa vitani, jeshi litakimbia usiku kucha, na mgonjwa asiyeweza kupanda mnyama ataachwa nyuma mikononi mwa maadui. Akataka apone upesi. Akajipiga bomba mara nane kwa siku moja. Yule aliyekaa siku 40 na tumbo la Amiri, tumbo lake mwenyewe alilipa siku moja.

Matokeo yake ni kwamba sehemu ya utumbo ilichubuka ikafanya vidonda. Na ile safari aliyoihofia ikaja vilevile, kwani alilazimika kuondoka mbio pamoja na Ala al-Dawla kuelekea Idhaj, na huko akapatwa na kifafa, ambacho matabibu wa zamani walijua kwamba wakati mwingine huifuata kulanji. Hata hivyo hakuacha kujitibu kwa bomba, sasa kwa ajili ya vidonda na kwa mabaki ya kulanji.

Siku moja aliagiza dawa yake itiwe mbegu za karafsi, mmea ulio jamaa ya giligilani, uzito wa danaki 2, ili kuvunja upepo wa tumbo. Dirhamu moja ni danaki 6, kwa hiyo alichotaka ni theluthi ya dirhamu tu. Mmoja wa matabibu waliokuwa wakimhudumia akatia uzito wa dirhamu 5. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba ni mara 15 ya kipimo alichoagiza! Ukali wa mbegu zile ukavizidisha vidonda. Juzjani anasema hakuwapo saa hiyo, na kwa hiyo hajui kama tabibu yule alikosea au alikusudia.

Msiba haukuishia hapo. Kwa ajili ya kifafa alikuwa akila majuni moja ya kale iliyoitwa mithridatu. Watumishi wake walikuwa wamemwibia mali nyingi katika hazina yake, wakaogopa akipona atawahesabu. Mmoja wao akachanganya afyuni nyingi katika majuni hiyo, akampa akala. Basi mtu aliyeandika dawa za ulimwengu mzima akawa hana mtu mmoja wa kumwamini kumchanganyia dawa yake.

Akabebwa kwa machela hadi Isfahan. Udhaifu ulimzidi hata kusimama hawezi. Akaendelea kujitibu polepole, na kwa rehema ya Mungu akapata nguvu ya kutembea na kuhudhuria tena baraza ya Ala al-Dawla. Lakini hakujihifadhi. Juzjani, ambaye alimpenda kama baba, anaeleza waziwazi kwamba sheikh wake hakuzizuia starehe za mwili kabla hajapona sawasawa, na kwa hiyo ugonjwa ukawa unakwenda na kurudi, mara nafuu mara kitandani. Na hivyo ndivyo alivyokufa Shams al-Dawla, kwa kutochunga alivyoagizwa, na mwagizaji alikuwa ni Ibn Sina.

ANGALISEMAJE DAKTARI WA LEO?

Siku hizi nimewauliza madaktari wawili watatu juu ya kisa hiki. Hakuna awezaye kusema kwa yakini utumbo wa Ibn Sina ulikuwa na nini hasa, kwa kuwa hakupasuliwa wala hakupigwa picha. Lakini yako mambo ambayo elimu ya leo inayaona wazi.

La kwanza ni kwamba tumbo linalouma sana bila ya sababu kujulikana halipewi dawa ya kuharisha wala kupigwa bomba ovyo. Ikiwa utumbo umeziba au umevimba, kusukuma kunaweza kuupasua, na uchafu ukimwagika ndani ya tumbo mgonjwa huwa katika hatari ya kufa. La pili ni kwamba mwili unaopoteza maji mengi kwa haraka hupoteza na chumvi zake, na chumvi za damu zikivurugika mtu anaweza kupatwa na degedege hata kama hakuzaliwa na kifafa. Kwa hiyo daktari wa leo angalishuku kwamba kifafa kile kililetwa na yale mabomba manane. La tatu ni kwamba afyuni huulaza utumbo na kuzidisha kufunga kwa choo, na hapo hapo huficha maumivu ambayo ni mlinzi wa mgonjwa.

Na haya hayakuwa mageni kabisa kwa Ibn Sina, kwani yeye ndiye aliyefundisha kutazama kwanza ni kulanji ya namna gani kabla ya kutibu. Elimu hiyo alikuwa nayo. Alichokosa ni muda, au tuseme alijinyima muda kwa kuiogopa safari.

KUREJEA HAMADAN

Mwaka 1037 Ala al-Dawla aliondoka kwenda Hamadan, na Ibn Sina akafuatana naye. Njiani ugonjwa ukamrudia. Alipofika katika mji ule ule alikompatia Amiri afya mara mbili, akaupima mwili wake kama alivyowapima wagonjwa maelfu, akajua kwamba nguvu zimekwisha na hazitoshi tena kuuondoa ugonjwa. Hapo akaacha kujitibu. Akawaambia waliokuwapo kwamba msimamizi aliyekuwa akiuendesha mwili wake ameshindwa na usimamizi, na kwamba matibabu sasa hayafai kitu.

Wanahistoria, akiwamo Ibn Khallikan, wanasimulia kwamba katika siku hizo za mwisho alitubu, akaoga, akatoa mali yake sadaka kwa mafakiri, akawarudishia haki zao aliowadhulumu, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'ani kila siku tatu. Akafariki mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, yaani Juni 1037, akiwa na umri wa miaka 57, au 58 kwa hesabu ya mwezi. Akazikwa Hamadan.

Walimwengu hawakosi maneno. Alipokufa wako waliomcheka kwa majina ya vitabu vyake viwili, ash-Shifa na an-Najat, kwamba cha uponyaji hakikumponya na cha wokovu hakikumwokoa. Lakini waliocheka wamesahauliwa, na mwaka 1980 shirika la UNESCO liliadhimisha miaka 1,000 tangu kuzaliwa kwake. Juu ya kaburi lake lilijengwa katika miaka ya 1950 jengo lenye mnara wa nguzo 12, na aliyelichora aliufuata mfano wa mnara wa kale wa kaburi la Qabus, yule Amiri ambaye Ibn Sina alimwendea toka mbali asimkute.

Yule mwalimu wa chuo wa kitanda cha jirani amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Usiku ule aliponimalizia kisa hiki nilimwambia kwamba basi methali ya wahenga ni kweli, mganga hajigangi. Mzee akatikisa kichwa. Akanambia kwamba Ibn Sina aliweza kujiganga, na kule Isfahan alipokwenda polepole alisimama akatembea. Lililomshinda lilikuwa haraka. Halafu akaniuliza kama Maulidi ya Lamu yalikuwa ya mwisho duniani. Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Maulidini na kanzu ile ile, na ndani yake nina kovu la urefu wa kidole. Tangu hapo tumbo likinisokota najilaza nikalisikiliza, na lisipotulia naenda kwa mwenye kulijua. Nawe msomaji, likikushika usiku wa kuamkia safari, liache basi liende. Mabasi ni mengi. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abu Ali, amsamehe makosa yake, na atunufaishe kwa elimu aliyotuachia. Amin.